Nanotyubu za karafuu maiti: kutoka gramu moja hadi sita

"Mwanangu, mumefiwa?" Mzee wa duka kule Marikiti aliniuliza hivyo nilipomwambia anipimie robo kilo ya karafuu maiti. Nikamjibu hapana, alhamdulillahi, sote wazima. Nataka kutengenezea nanotyubu za kaboni, vijineli ambavyo maelfu yake vikilazwa bega kwa bega ndipo vifikie unene wa unywele mmoja.

Wengi hutumia gesi kama asetilini. Mimi nilifuata njia ya Mukul Kumar na Yoshinori Ando wa Japani, waliotumia kafuri, ndiyo hiyo karafuu maiti yetu. Molekuli yake ina kaboni 10, na oksijeni yake moja husaidia kuunguza masizi. Unaichanganya na ferosini kidogo, kemikali yenye chuma ndani yake. Ferosini huachia chembe za chuma, na nanotyubu humea juu ya chembe hizo, ndani ya bomba la kwatzi, kioo kinachohimili moto mkali, lenye joto la nyuzi 850 hivi, huku gesi ya agoni ikipita kuizuia hewa isiingie.

Gramu ya kwanza nilipata bila taabu. Nikaongeza kafuri mara tano, nikatoa masizi matupu. Mvuke ulikuja mwingi kwa mpigo, chembe za chuma zikafunikwa kabla hazijaotesha kitu. Tena kafuri ikigusa mahali baridi hugeuka fuwele nyeupe papo hapo, basi mdomo wa bomba ukaziba kama mifereji yetu ya maji ya chumvi.

Fundi wa majiko ya umeme akanizungushia waya wa joto pale mdomoni. Nami nikaacha pupa: kafuri ikaingia kidogo kidogo, saa nzima, badala ya yote kwa dakika kumi. Siku hiyo nilikwangua gramu sita, nyeusi, nyepesi mno. Barakoa usoni, maana vumbi hilo si la kuvuta.

Mara iliyofuata stima ikapotea katikati ya kazi. Nikafunga agoni nisiipoteze, kumbe hewa ikaingia bomba likiwa bado moto. Nilipofungua nikakuta unga mwekundu tu, kutu ya chuma. Kaboni yote imeungua. Roho iliniuma sana. Tangu hapo stima ikienda, mtungi wa agoni haufungwi mpaka bomba liwe la kushikika kwa mkono.