Goti la Kushoto

Katika wiki ya mwisho ya Juni mwaka 2011, baba alinitumia pikipiki yake kutoka Tukuyu ikiwa juu ya gari dogo lililokuwa likileta ndizi Mbeya mjini. Maagizo aliyompa dereva yalikuwa mafupi: nibadilishe cheni na sproketi zote mbili, kisha nimrudishie kabla ya Ijumaa. Ijumaa hiyo ilikuwa tarehe 1 Julai, siku ambayo baba alitimiza miaka 60 na kustaafu ubwana shamba kwa mujibu wa sheria, kwa sababu yeye, kama watumishi wengi wa rika lake waliozaliwa pasipo cheti, alikuwa ameandikiwa tarehe hiyo ya kuzaliwa na karani. Ofisini kwao ilikuwa imeandaliwa shughuli ndogo ya kumuaga.

Pikipiki yenyewe ilikuwa Honda CG125 nyekundu, ambayo alikuwa ameitumia kikazi kwa miaka mingi kabla ya kuuziwa na ofisi ilipoondolewa katika orodha ya mali. Kuiita nyekundu kulihitaji ukarimu. Juu ya tangi, mahali jua linapopiga moja kwa moja, rangi ilikuwa imepauka ikawa ya waridi na kutoa unga mweupe kila ukipitisha kidole. Kuzunguka kifuniko cha petroli kulikuwa na michirizi ya petroli iliyomwagika, na kwenye madigadi ya nyuma kulikuwa na madoa ya kibuluu ya mrututu aliokuwa akiwapelekea wakulima wa kahawa. Cheni nilikwisha kuifunga Jumatatu jioni. Niliposimama kuitazama nikaona haya kwamba mzee angefika nayo mbele ya wenzake ikiwa katika hali ile, nikaamua kuing'arisha bila kumuuliza.

Mwaka ule mgao wa umeme ulikuwa mkali nchi nzima, na huko nyumbani kwangu Ilomba tulikuwa tukikaa gizani saa nyingi kwa siku. Jambo hilo ndilo lililoharibu kazi. Kijana niliyempelekea pikipiki karibu na Mwanjelwa alikuwa na foleni ya kazi zilizosubiri umeme, na ulipowaka Jumanne saa nane mchana akawa anakimbizana nao. Hakuwa na mashine ya kung'arishia. Alikuwa na grenda ya kukatia vyuma, ambayo aliivua jiwe na kuifunga gurudumu la manyoya. Nilimuuliza kama haitakuwa na nguvu kupita kiasi, naye akanijibu, "Braza, hii ndiyo inayotoa kioo." Sikuwa na hoja ya kumpinga, na tena nilivutiwa na neno kioo.

Leo ningekuwa na hoja. Mashine halisi ya kazi hiyo huwa na swichi ya mwendo, na fundi makini huizungusha kati ya mara 1,000 na 2,000 hivi kwa dakika, ilhali grenda ndogo isiyo na swichi hiyo huzunguka kama mara 11,000. Kwa kasi hiyo kampaundi, ile dawa ya kusugulia rangi, hukauka papo hapo na kuruka pembeni, manyoya yakabaki yakisugua rangi kavukavu, na joto likapanda kabla mkono haujahisi chochote. Kijana alipita juu ya tangi mara mbili, na kweli pale palipokuwa pamepauka paling'aa hata nikaona kivuli cha uso wangu. Akageukia ubavu wa kushoto, kwenye ule mkunjo ambapo bati linaingia ndani kumpa mwendeshaji nafasi ya goti. Nilisikia harufu kabla ya kuona. Alipoinua mashine, mkunjoni palikuwa na mstari wa urefu wa kidole, wa kijivu katikati, na katikati ya kijivu hicho bati jeupe lilikuwa likichungulia.

Umeme ukakatika kabla hatujamaliza kubishana. Nilimlipa nusu, jambo ambalo bado sijui kama lilikuwa haki au woga, nikaisukuma pikipiki hadi nyumbani katika baridi ile ya Juni ambayo mtu wa Mbeya hahitaji kusimuliwa.

Jirani alinielekeza kwa mzee mmoja wa hapohapo Ilomba, fundi rangi wa magari ambaye macho yalikuwa yameanza kumsumbua, hivyo hakuwa akipokea tena kazi kubwa. Nilifika kwake Jumatano alfajiri, nikamwamkia, naye akaitikia marahaba huku mkono wake ukiwa tayari juu ya tangi. Hakuniuliza ni nani aliyeunguza. Alichukua kitambaa cheupe, akakitia kampaundi kidogo, akasugua mahali padogo chini ya stika, kisha akanionyesha: kitambaa kilikuwa chekundu. "Hii haina kilia," akasema, na akanieleza kwamba kama juu ya rangi pangekuwa na ile tabaka angavu isiyo na rangi, kitambaa kisingebadilika, lakini hapa tulikuwa tukiisugua rangi yenyewe, na kila wekundu unaobaki kitambaani ni wekundu uliotoka kwenye tangi na hautarudi. Akajing'oa unywele mmoja wa kidevuni, mweupe, akaulaza juu ya ule mkunjo. "Rangi yote hapa na praima yake ya chini, mwanangu, ni kama nywele hizi mbili zikilaliana. Na kwenye kona haifiki hata hapo."

Mpaka siku ile nilidhani kung'arisha ni kuongeza kitu. Wapo vijana wengi stendi wanaofikiri hivyo, nami nimewaona wakipaka dizeli asubuhi ili pikipiki imetemete na mchana ikiwa imejaa vumbi kama mandazi yaliyopakwa sukari. Mzee alikuwa na maoni makali juu yao, ambayo sitayaandika yote. Kwake kung'arisha ni kupunguza: rangi iliyokufa juu huondolewa, na mikwaruzo mikubwa hugeuzwa kuwa midogo, na midogo kuwa midogo zaidi, mpaka mwanga urudi mzima badala ya kutawanyika.

Tulifanya kazi kwa mkono, siku mbili, chini ya mzambarau wake. Kwanza tuliosha kwa maji mengi na sabuni, kwa sababu chembe moja ya mchanga iliyojificha kitambaani inaweza kuchora mstari mrefu kuliko ule wa grenda. Kisha akanipa fulana kuukuu za pamba, akaniagiza nizikate mishono yote, kwa kuwa uzi wa mshono nao hukwaruza. Mahali palipokuwa na mikwaruzo mirefu alipapitisha msasa wa maji namba 2000 yeye mwenyewe, akiwa ameuloweka tangu usiku, na hakuniruhusu kuugusa. Kazi yangu ilikuwa kampaundi. Nilitaka kusugua kwa kuzungusha kama nilivyoona wengi wakifanya, akanishika mkono: nisugue kwa mstari, kutoka mbele kwenda nyuma, kwa sababu mikwaruzo ya mduara huonekana kila upande jua linapotokea. Kitambaa kikiiva wekundu nikigeuze. Jua likifika kwenye tangi tusogeze pikipiki kivulini, maana bati likishika moto kampaundi hukauka na kugeuka msasa. Kufikia Jumatano jioni bega langu la kulia lilikuwa haliinuki, na nilikuwa nimemaliza upande mmoja tu.

Nyuma ya tangi, karibu na siti, tulikuta rundo la mikwaruzo mifupi iliyosimama wima. Mzee aliipapasa kwa kidole, maana kwa macho hakuiona vizuri, akasema, "Mwenye pikipiki anavaa mkanda wa bizimu kubwa." Ni kweli, baba alikuwa na mkanda huo tangu sijaanza shule. Akahamia kwenye mbavu za tangi, akagundua kwamba rangi ya kushoto ilikuwa nyembamba kuliko ya kulia, akaniuliza kama mzee wangu huendesha akibana goti moja. Nikakumbuka kwamba baba alikuwa na kawaida ya kubeba pampu ya kunyunyizia dawa upande wa kulia, na ili asivutwe na uzito alilibana tangi kwa goti la kushoto, katika njia zile za Rungwe ambazo mvua haizipi nafasi ya kukauka. Kumbe ule mkunjo ulikuwa umesuguliwa na suruali yake kwa miaka yote, na kijana wa Mwanjelwa alimalizia tu sehemu ndogo iliyobaki. Nilijiona nimemwonea kidogo kwa ile nusu ya malipo.

Palipoungua mzee alipasafisha, akapapaka praima kwa brashi ndogo, kisha akachanganya wekundu mara tatu akiuliza macho yangu kila mara kama umefanana. Haukufanana. Rangi iliyokaa juani na rangi ya kopo haziwezi kuwa ndugu, alisema, na kama ningetaka zifanane ingebidi tangi zima lipigwe upya. Alhamisi jioni tulipaka nta, tukaifuta, na wekundu uliotoka chini ya ule unga ulikuwa wa kina ambao sikuwahi kuuona hata utotoni, isipokuwa doa lile la ubavuni, ambalo wekundu wake ulitofautiana kidogo na kwingine.

Ijumaa asubuhi niliiendesha mwenyewe, kama kilomita 70, nikipitia Uyole. Baba alikuwa nje amevaa suti. Nikamwamkia, akaitikia huku akiizunguka pikipiki kimyakimya, akaitazama cheni kwanza, kama ilivyompasa. Kisha akainama upande wa kushoto.

"Hapa mliunguza."

Nikaanza kumweleza habari ya grenda, mgao na nywele mbili zilizolaliana, lakini hakunisubiri nimalize. Alikunja suruali ya suti isishike mafuta, akapanda, akaweka mguu mahali pake, na goti likalifunika lile doa lote.

"Mtu ataliona wapi?" akasema, akapiga kiki.