Siku moja na presha za macho baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho

Saa 1:30 asubuhi. Waliofanyiwa upasuaji jana wameshaketi kwenye benchi, kila mmoja na bandeji juu ya jicho. Mimi ni muuguzi wa macho. Kabla daktari hajapita, nafungua bandeji, nasafisha kope, kisha napima presha ya jicho, yaani msukumo wa maji yaliyo ndani yake. Wengi huniuliza ni upasuaji gani unaopandisha presha hiyo.

Saa 2:15. Naanza na mama aliyefanyiwa fako. Lenzi yake iliyoingia ukungu ilisagwa kwa mawimbi ya sauti na kufyonzwa kupitia kidonda kisichofika milimita 3. Namwekea tone la ganzi na rangi ya njano. "Mama, egemeza paji hapa, tazama mbele, usibane pumzi." Kubana pumzi hupandisha namba. Kwenye mwanga wa buluu naona nusu duara mbili za kijani zikitikisika kwa mapigo ya moyo wake. Nazungusha kipimo taratibu mpaka kingo zake za ndani zigusane. 17. Kawaida ni kati ya 10 na 21, kwa milimita za zebaki.

Mzee anayemfuata lenzi yake ilikuwa imekomaa na kuwa ngumu, ikatolewa nzima kwa mkono kupitia njia ya milimita 6 hivi inayojifunga bila nyuzi. Kwake nasoma 29. "Wamekosea, binti yangu?" Hapana, mzee. Daktari hujaza jeli ndani ya jicho ili konea, kioo cha mbele ya jicho, isiumie. Mwishoni huisafisha, lakini mabaki yake huziba njia ya kutolea maji, na presha hupanda. Kilele huwa saa 4 hadi 8 baada ya upasuaji, na kwa wengi hutulia ndani ya siku moja au mbili. Kwenye fako hutokea vilevile. Ndiyo maana lile swali la "upasuaji gani unapandisha presha" halinipendezi: afadhali mtu aulize kama ana glakoma, ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho, mara nyingi kwa presha, na atapimwa lini.

Saa 4. Huyu alifanyiwa kwa njia ya zamani, kidonda cha milimita 10 na zaidi, kikashonwa. Presha 5. Iliyo chini hivi hunitia hofu kuliko ile 29. Napaka rangi juu ya kidonda, na kweli, kijimkondo cha kijani kinateremka: maji yanavuja. Anarudi kwa daktari kuongezewa uzi.

Saa 8 mchana, kliniki ya waliotimiza mwezi. Hapa mambo hunifurahisha, kwa sababu wengi presha yao iko chini kuliko kabla ya upasuaji, awe wa fako au wa mkono. Lenzi ya asili uzeeni ina unene wa milimita 4 hadi 5, ya bandia ni kama 1. Nafasi inaongezeka, kona ya kupitishia maji inafunguka. Mara nyingi hushuka namba 1 hadi 3, na zaidi kwa aliyekuwa na kona nyembamba.

Lakini kijana mmoja ana 32, jicho halina wekundu, haumwi popote. Ni matone ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe baada ya upasuaji. Wapo ambao baada ya wiki kadhaa huwapandishia presha kimyakimya. Angekosa miadi hii, hakuna ambaye angejua. Daktari anambadilishia dawa.

Saa 11 jioni. Mgonjwa wa glakoma aliyefanyiwa fako asubuhi anatapika na kushika paji. Ndugu zake wanadhani ni tumbo. Nampima: 41. Daktari anabonyeza ukingo wa kijitundu cha pembeni kilichotobolewa wakati wa upasuaji, matone machache yanatoka, namba inashuka hadi 15, na anapewa vidonge vya asetazolamidi vya kushusha presha. Nafuu ya namna hii inaweza kuisha upesi, hivyo siondoki.

Saa 12:15. Imepanda hadi 23, kichwa kimetulia. Naandika kwenye faili na kumkabidhi mwenzangu wa zamu ya usiku: apimwe tena saa 2, na ikizidi 30 daktari aitwe.