Samaki Asiyekwenda Jikoni

Jumapili, katikati ya Julai

Maji ya ziwa Minnetonka yamefika nyuzijoto 27, na fimbo zangu za kuvulia nimezirudisha stoo. Sheria hainikatazi. Hapa Minnesota, Marekani, msimu wa kuvua samaki aitwaye maski unafunguliwa Juni na kuendelea mpaka Desemba inapoingia, kwa hiyo ningetaka ningekuwa majini saa hii. Lakini maji yakipata moto hivi oksijeni inapungua, na maski aliyepigana mpaka misuli ikajaa uchovu hana pa kuvutia pumzi. Unamwachia arudi majini, anapiga mkia, anazama vizuri tu, nawe unarudi nyumbani moyo mweupe. Kumbe ameenda kufia chini, mahali ambapo hutamwona.

Wavuvi wengi wa huku wameifanya 27 kuwa kikomo. Wengine wanajitia hawana kipimajoto. Jana jioni nimeona boti mbili zikitupa chambo pembeni ya majani, jua likiwa bado linachoma. Nikasonya peke yangu garini.

Kwa ambao hamkai huku: maski ni samaki wa maji baridi wa Amerika Kaskazini, mrefu, mwenye mdomo bapa kama wa bata, ila huu umejaa meno. Anavizia kwenye ukingo wa majani, anakula samaki wenzake, bata wadogo, hata panya wa majini. Hata ziwa likiwa kubwa, wao ni wachache tu. Wanaokuwa wakubwa hasa ni majike, na ili mmoja afike sentimita 127, yaani zile inchi 50 anazoziota kila mvuvi wa hapa, inamchukua miaka 15 au zaidi. Wanamwita samaki wa mitupo elfu kumi. Nilidhani ni majivuno ya wavuvi, mpaka mabega yangu yalipoanza kuuma.

Ninavua na jirani yangu, mzee mstaafu ambaye humu nitamwita Mzee tu. Boti ni yake, ndoana nyingi ni zake, na masharti yote ni yake. Mzee hatupi chambo hata mara moja kabla hajapanga vyombo vyake: koleo refu, mkasi wa kukatia chuma, ubao wa kupimia urefu ulioloweshwa maji, na wavu mpana wenye nyuzi zilizopakwa mpira ili zisimkwangue samaki ute. Ute ule ndio ngozi yake ya pili, ukitoka magonjwa yanaingia. Mwanzoni niliona kama ibada. Tumetoka kuvua, samaki mwenyewe hatujamwona, na huyu mtu anapanga vifaa vya hospitali.

Kisha ikaja jioni ile ya Juni.

Nilikuwa navuta chambo cha manyoya chenye vibati viwili vinavyozunguka. Kikiwa karibu kufika kwenye boti nikaona kivuli nyuma yake. Maski ana tabia hiyo: anakifuata chambo mpaka miguuni pako, anakutazama, anageuka na kwenda zake. Ndiyo maana hapa hutoi chambo majini hivi hivi. Unazamisha ncha ya fimbo na kuchora nane kubwa kando ya boti, polepole kwenye kona, ili asipoteze njia. Nikachora. Kona ya kwanza akapotea. Kona ya pili maji yakafunguka, na fimbo ikainama mpaka kwenye rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi.

Mzee hakusema hongera. Alisema, "Usimchezee. Mlete." Mshipi wetu ni mnene na kiungio cha mbele ni waya, si kwa sababu ya ubabe, bali ili pambano liwe fupi. Anayetumia mshipi mwembamba apate kusimulia vita ya nusu saa anamuua samaki kwa ajili ya hadithi.

Akaingia wavuni, na humo humo akabaki, ndani ya maji, wavu ukiwa umening'inia ubavuni mwa boti. Hilo ndilo lililonishangaza zaidi: kazi yote ilifanyika yeye akiwa majini. Ndoana mbili za ncha tatu zilikuwa zimeshika pembe ya taya. Moja ikatoka kwa koleo. Ya pili ilikuwa imekaa vibaya karibu na mashavu, na Mzee hakuhangaika nayo. Aliikata ndoana yenyewe vipande, ta, ta, na vipande vikaanguka. Ndoana inanunuliwa dukani.

Ndipo akaniambia nivute pumzi na niizuie. "Ukihitaji kupumua, na yeye anahitaji." Nikaingiza vidole chini ya kifuniko cha shavu bila kugusa matamvua, mkono wa pili chini ya tumbo, nikamwinua akiwa amelala sawa. Hawa wakubwa hawaning'inizwi kwa taya. Uzito wao wenyewe unaumiza taya, uti na vya tumboni. Picha moja, ubaoni akasoma sentimita 119, akarudi majini. Nilimshika shina la mkia, mgongo juu na tumbo chini, bila kumsukuma mbele na nyuma kama wanavyofanya kwenye video. Mashavu yakafunguka na kufunga, yakafunguka na kufunga. Kisha akaukung'uta mkono wangu kwa nguvu, akanimwagia maji usoni, akaenda.

Mikono ilinuka siku mbili. Mke wangu ana maoni yake kuhusu hilo.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma jinsi watu wa huku walivyofika hapa, maana hawakuzaliwa wapole. Julai 1955, kwenye ziwa Leech, kaskazini mwa jimbo hili, hali ya hewa ilitulia ikawa joto kali, na maski wakaanza kula kama wamerogwa. Watu walivua na kubeba, na picha zipo mpaka leo: wamepangwa kwenye kamba wakiwa maiti, watu wamesimama kando wakitabasamu. Mwaka 1966, mjini St. Paul, Gil Hamm akaanzisha chama cha Muskies, Inc., na kuwaachia samaki kukawa nguzo ya chama hicho. Baadaye, miaka ya 1980, idara ya maliasili ya jimbo ikahamia kupandikiza mbegu ya ziwa Leech, kwa sababu ile ya ziwa Shoepack waliyokuwa wakiitumia ilikuwa haitoi samaki wakubwa. Maski wa Minnetonka ni wa kupandikizwa. Kwa hiyo ukimuua mmoja mwenye umri wa kijana aliyemaliza sekondari, umeua pesa na subira za watu wengi. Leo ukitaka kumchukua sharti awe na inchi 54, yaani sentimita 137, na hata wanaowapata wa kimo hicho wengi wanawarudisha.

Na bado wapo wanaokufa. Novemba 2021, kwenye ziwa Mille Lacs, Nolan Sprengeler alimpata jike wa zaidi ya kilo 25. Alitaka kumwachia. Wakahangaika naye majini, hakuamka, na ndipo alipopimwa na kuvunja rekodi ya jimbo iliyokuwa imesimama tangu 1957. Yule jamaa alifanya yote yanayotakiwa. Ndiyo maana sipendi kusikia mtu anasema "tunawaachia wote" kwa sauti ya mtu aliyetoa sadaka. Tunawarudisha wote. Wanaoishi ni hesabu nyingine, na hesabu hiyo inaanza kabla ya kutupa chambo.

Leo asubuhi, saa tatu kwa hapa, saa kumi na moja jioni kule, nimempigia mjomba aliyeko Ukerewe, kisiwani katika Ziwa Victoria. Nilikuwa nimemtumia picha.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mjomba. Huyo samaki mlimlaje?"

Nikamweleza. Akanyamaza kwanza. Mjomba amevua sangara maisha yake yote, kwa nyavu na kwa migonzo, yaani kamba ndefu zenye ndoana nyingi, na ameona mambo mengi ila hili bado. "Yaani umemtoboa mdomo, umempiga picha, umemrudisha?"

Nikasema kitoweo tunakipata kwa woliai, samaki mwingine wa ziwa hilo hilo, yeye tunamla. Maski ni mchezo.

"Sawa, ni mchezo. Samaki naye anajua?"

Sikuwa na jibu, na sidhani lipo. Maski hakuombwa kucheza. Ninachoweza kukisimamia ni kwamba nikichagua kucheza naye, gharama iwe kwangu kadiri inavyowezekana: ndoana zikatwe, picha iwe moja, Julai nikae nyumbani.

Mjomba akageukia mambo ya kwake. Kule nako, akasema, sangara chini ya sentimita 50 hatakiwi kuvuliwa. "Wa migonzo anaweza kuja hai. Wa wavu anakuja maiti. Maiti utamrudishia nani?" Halafu akauliza kama maski ana bondo, lile puto la hewa la tumboni. Nikamwambia analo. Linauzwaje? Nikamwambia kumuuza ni marufuku, yeye wala bondo lake.

"Sasa huyo Mzee wako mafuta ya boti anaweka kwa pesa gani?"

Kwa pensheni, nikamwambia.