Siku moja na pimamaji: kabati za jikoni Kisumu, fundi au mwenyewe?

Saa 12:30 asubuhi. Karakana yetu ya Kibuye ndiyo kwanza imefunguliwa. Mwanafunzi wangu anafagia unga wa mbao, mimi nanoa patasi. Pembeni zimeegemezwa mbao chache za saipresi. Zamani ukuta mzima ulikuwa saipresi, lakini serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma Februari 2018, bei ilipanda na wateja wangu wengi wakahamia kwenye bodi. Hata baada ya rais kutangaza Julai 2023 kwamba marufuku imeondolewa, hawakurudi. Siku hizi jikoni ni MDF, yaani bodi ya unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi, ya milimita 18, au blokbodi, yenye vipande vya mbao katikati, basi.

Chai haijaiva, simu inaita. Ni mwalimu mstaafu wa Migosi. "Fundi, nimetazama video, hii kazi naona naiweza. Njoo unipimie tu, mengine nitamalizana nayo na kijana wangu."

Simu za namna hii zimekuwa nyingi na sizikasirikii. Pesa ni yake, ana haki ya kujua inakwenda wapi. Kinachoniuma ni mafundi wenzangu wanaotaja bei moja kwa mdomo, "laki moja, jaduong'" (yaani mzee, kwa Kijaluo), bila kuonyesha bodi ni ngapi na ufundi ni kiasi gani. Mteja akishaachwa gizani hivyo, atakosaje kuamini kwamba nusu ya hiyo laki inaishia mfukoni mwa fundi?

Saa 2:30. Migosi. Mama mwenye nyumba ameshatoa sufuria zote na kuzipanga sebuleni, kwa hiyo naelewa kwamba uamuzi wa kubadilisha umeshapita, kilichobaki ni nani atafanya. Jikoni lenyewe ni la mtindo wa zamani: slabu ya zege iliyomwagwa papo hapo, vigae juu, na chini yake fremu za mbao zenye milango ya plaiwudi. Mlango wa chini ya sinki nauvuta kidogo tu, unabaki mkononi. Plaiwudi imeachana tabaka kwa tabaka kama chapati, kwa sababu bomba la sinki limekuwa likivuja miaka na miaka. Namwambia mama wazi: bomba lisiporekebishwa kwanza, MDF mpya haitamaliza mwaka. MDF ikinywa maji huvimba, na ikishavimba hairudi.

Halafu kona. Naweka alama futi 3 kwenye ukuta mmoja na futi 4 kwenye ukuta wa pili. Kona ikiwa mraba, tepu kutoka alama hadi alama husoma futi 5. Hapa inasoma futi 5 na inchi 1. Mwalimu alikuwa akifundisha hesabu. Anaitazama tepu, ananitazama mimi, anakaa kimya. Ukisukuma makabati yaliyonyooka kwenye kona ya namna hiyo, lazima mwanya ubaki nyuma ya upande mmoja, na mwanya huo ndio nyumba ya mende. Pimamaji nayo inaonyesha slabu imeinama: kushoto iko juu kuliko kulia kwa milimita 15. Mtu akipima kushoto tu na kukata makabati yote kwa kimo hicho, la kulia haliingii.

Saa 4:15. Tunakaa mezani, natoa daftari. Kwa jikoni lake: bodi 8 kwa 5,200, jumla 41,600. Kukata na kubandika ukingo kwa mashine, 6,500. Bawaba 28 za milango 14, kila moja 180, ni 5,040. Reli za droo jozi 4, 2,400. Plaiwudi nyembamba ya migongo, 4,200. Vishikio 2,700. Skrubu, gundi, silikoni na miguu ya plastiki, 4,000. Usafiri 1,500. Vifaa peke yake vimefika shilingi 67,940. Ufundi wangu, 24,000. Jumla 91,940.

"Kwa hiyo nikijifanyia naokoa 24,000," mwalimu anasema.

Namuuliza ana vifaa gani vya kazi. Ana nyundo na bisibisi. Basi tunaandika tena: drili 6,500, msumeno wa umeme 9,000, keekee ya milimita 35 ya kutoboa matundu ya bawaba 600, pimamaji 900, vibano 2,000. Hiyo ni 19,000. Anachookoa ni 5,000, na bodi moja ikikatwa vibaya ni 5,200. Ni kweli akikatiwa bodi zote kwa mashine msumeno hauhitaji, na hapo anaokoa 14,000. Hilo nalo nimemwambia, maana ni haki alijue. Mwalimu anaomba muda wa kufikiri.

Saa 7 mchana. Nyalenda, kwa kijana aliyejitengenezea makabati mwenyewe. Nimefurahi sana kuona kazi yake. Masanduku yamenyooka, rangi imetulia. Tatizo ni milango mitatu iliyolegea. Alipiga skrubu kwenye ukingo wa MDF bila kutoboa kwanza, na ukingo wa MDF ukilazimishwa hupasuka, skrubu ikabaki inazunguka tu ndani. Nimejaza gundi, nimehamisha bawaba chini kidogo, nimetoboa tundu jembamba kabla ya kila skrubu, na nimemwonyesha namna ya kurekebisha mlango kwa zile skrubu mbili za bawaba. Amenilipa 2,500. Hata ukijumlisha hiyo, bado amefanya kazi nzuri kwa bei nafuu, na makabati ya juu nimeyakagua: ametumia roplagi, zile plagi za plastiki za kuingiza ukutani, na skrubu ndefu, na hakutoboa juu ya soketi, ambako waya hupanda ukutani. Wengi hapo ndipo wanapoponea chupuchupu.

Saa 9:30. Dukani penye mashine ya kukatia bodi. Mvua imeanza kutishia kutoka upande wa ziwa, tunaharakisha. Mbele yangu kuna bwana aliyekuja na karatasi yake: anataka vipande viwili vya upana wa milimita 610 kutoka kwenye bodi moja. Bodi ni 2440 kwa 1220, na 610 mara mbili ni 1220 kamili, kwa hiyo kwenye karatasi hesabu imekubali. Lakini msumeno nao hula mbao, milimita 3 au zaidi kila unapopita. Kipande cha pili kitatoka chembamba kuliko alivyoandika. Mwendesha mashine hukata ulichoandika, hakuulizi jikoni lako likoje. Nimemwambia aandike 560, kina kinachotosha kabisa kwa kabati la chini, na amebadilisha bodi zake zote kabla msumeno haujawaka. Nadhani hapo ameokoa pesa nyingi kuliko ambazo angemlipa fundi.

Saa 11:45 jioni. Mwalimu amepiga. Amezungumza na mama na kijana wao, na wamenijia na mpango ninaoupenda kuliko wa kunipa kazi yote. Wao watabomoa ya zamani, watamleta fundi wa bomba, watapaka ukuta rangi, watanunua vifaa wenyewe na risiti zao, na mwishoni watafunga vishikio. Mimi nitapima, nitaandika orodha ya kukata, nitaunga na kuning'iniza. Ufundi umeshuka kutoka 24,000 hadi 17,000. Kijana wake atakuwa msaidizi wangu badala ya kibarua, naye ataondoka na ujuzi wa jikoni la pili. Malipo: nusu ya pesa siku ya kuanza, nusu nyingine milango ikishafunga sawasawa. Nimemwambia tuandikiane, maana fundi mmoja alimkimbia jirani wa mwalimu na pesa za kwanza, na mwalimu hajasahau.

Saa 2 usiku. Naandika orodha ya kukata, vipande vikubwa kwanza ili mabaki yatoe rafu na droo. Nikiipanga vizuri huenda bodi 8 zikawa 7. Pale chini ya sinki nimeweka plaiwudi ya marine, ile inayostahimili maji, badala ya MDF. Ni ghali zaidi, na nitamweleza mwalimu sababu kabla hajaenda dukani.