Mama, wale wezi waliumia kweli?

Mwanangu ana miaka saba. Desemba iliyopita nilimkalisha kwenye kochi atazame Home Alone kwa mara ya kwanza, filamu ya mtoto Kevin anayesahauliwa nyumbani na familia yake na kuwategea wezi wawili mitego, ambayo mimi na kaka yangu tuliirudia kwenye kanda ya VHS mpaka kanda yenyewe ikaanza kuleta mistari. Alicheka sana, hadi pale Marv, mmoja wa wezi hao, anapoingilia dirishani miguu mitupu na kukanyaga mapambo ya mti wa Krismasi yaliyotandazwa sakafuni. Hapo akanyamaza. Akanivuta mkono wa blauzi.

"Mama, huyu kaumia kweli?"

Nikamwambia wanaigiza tu. Akatulia kidogo. Halafu kopo la rangi likaja likining'inia kwenye kamba, likamkumba Marv usoni na kumwangusha chali.

"Lakini kaanguka, mama."

Kaanguka, ndiyo. Yupo mtu pale mwenye mgongo na kisogo, na kaanguka. Jibu langu halikutosha, na mimi mwenyewe liliniacha na kiu. Kazi yangu ni kuhariri video za harusi, kwa hiyo najua jinsi mkato mmoja unavyoweza kuficha mambo. Mtoto alipolala nikairudisha filamu nyuma na kuipitia fremu kwa fremu, na usiku uliofuata nikaanza kusoma kila nilichokipata kuhusu jinsi ilivyotengenezwa.

Ile miguu ya Marv nilianza nayo. Daniel Stern, aliyemwigiza Marv, alivishwa miguu ya mpira juu ya miguu yake, na vile vinavyopasuka chini yake ni vitu vya sukari, si vioo. Ukijua hilo kisha ukasimamisha picha, utaona unyayo umenenepa kidogo. Sauti ya kupasuka iliongezwa baadaye, na sauti ndiyo inayotuuma sisi watazamaji. Mhariri wa filamu, Raja Gosnell, hakutupa nafasi ya kuutazama ule mguu kwa utulivu: mguu unashuka, uso unakunjamana, mguu tena. Nimeangalia mfuatano huo labda mara thelathini na bado navuta pumzi kwa meno.

Kuanguka ni habari nyingine. Filamu hii ilipigwa mwanzoni mwa 1990, ambapo kompyuta haikuwa na msaada wowote kwa mtu anayeruka hewani na kutua kwa mgongo. Walioanguka ni watu wenye kazi hiyo: Troy Brown alianguka badala ya Joe Pesci, aliyemwigiza Harry, mwizi mwenzake Marv, na Leon Delaney badala ya Stern. Wakati wa kupiga picha, mwongozaji Chris Columbus hakuwa akicheka. Kila mtu alipotua chini, kicheko kilisubiri kwanza ithibitike kwamba yule mtu ni mzima. Tangu nijue hilo, ngazi zile zenye barafu siwezi kuzitazama bila kuwawaza wale mabwana wawili, ambao sura zao hatuzioni hata mara moja.

Kuna kitu kimoja Stern hakumwachia mtu mwingine. Yule buibui mkubwa wa aina ya tarantula aliyewekwa usoni kwake alikuwa hai. Aliweka sharti moja, kwamba lingefanyika mara moja tu.

Sasa nifike kwenye nyumba, maana hapa ndipo nilipomwamsha mume wangu usiku wa manane kumsimulia. Ile nyumba ya matofali mekundu ipo, Winnetka, jimbo la Illinois, kaskazini mwa Chicago. Lakini sehemu kubwa ya ndani tunayoiona haikuwa humo. Jirani na hapo, kwenye mji wa Northfield, kulikuwa na majengo ya shule ya sekondari ya New Trier ambayo hayakuwa yakitumika kwa masomo. Wakayaingia. Vyumba vya nyumba ya akina McCallister, familia ya Kevin, vilijengwa ndani ya ukumbi wa michezo wa shule. Na mnakumbuka Kevin anapokimbilia kwenye nyumba ya jirani, akapita kwenye chumba cha chini kilichojaa maji? Kile chumba kilijengwa ndani ya bwawa la kuogelea la shule. Walihitaji chumba kinachohimili maji, na shule tayari ilikuwa na shimo lenye vigae lililotengenezwa kwa kazi hiyo hiyo. Nikitazama Kevin anavyojikokota mle, maji yakimfika juu, naona akili ya fundi aliyezunguka jengo tupu, akafungua mlango wa bwawa na kusema: hapa hapa.

Uamuzi wa namna hiyo huja pesa inapobana, na hapa ilibana kweli. Kampuni ya Warner Bros. ndiyo iliyoanza na filamu hii, ikaiacha kwa sababu ya gharama kabla kamera haijawashwa, na 20th Century Fox ikaidaka. Iligharimu takriban dola milioni 18. Ilipotoka Novemba 1990 ilikaa wiki 12 mfululizo ikiongoza kwenye majumba ya sinema ya Marekani, na mwishowe ikaingiza takriban dola milioni 476 duniani. Mwaka 2023 iliwekwa kwenye hazina ya taifa ya filamu ya Marekani, zile zinazohifadhiwa kwa ajili ya vizazi vijavyo.

John Hughes, aliyeandika, aliipata hadithi akiwa anajiandaa kusafiri. Alikuwa anaorodhesha vitu asivyotaka kuvisahau, wazo likamjia kwamba heri asiwasahau watoto. Je, angewasahau? Akaacha kufungasha, akakaa akaandika kurasa nane. Kila mama aliyewahi kuhesabu vichwa mlangoni anajua ubaridi wa wazo hilo. Ndiyo maana napenda namna walivyolijenga kosa lenyewe. Mtoto wa jirani anachungulia gari, anahesabiwa kama Kevin. Lakini tiketi ya ndege je? Usiku uliotangulia, maziwa yanamwagika mezani wakati wa vurugu za piza, baba anafuta haraka haraka na kusukumia kila kilicholowa kwenye pipa la taka. Simamisha hapo. Katikati ya karatasi zilizolowa, tiketi ya Kevin inaonekana. Miaka yote hiyo mimi na kaka hatukuwahi kuiona.

Kaka naye alikuwa na lake. Ile filamu ya majambazi ya rangi nyeusi na nyeupe ambayo Kevin anaitumia kuwatishia watu, aliamini ni filamu ya zamani ya kweli na aliitafuta hadi utu uzima. Haipo. Waliitengeneza wenyewe, kwa siku moja, kabla upigaji picha wa filamu yenyewe haujaanza. Nilipompigia kumwambia, alikaa kimya kwenye simu muda mrefu, kisha akasema, "Dada, taa zile?" Ndiyo kaka, hata taa. Mpiga picha Julio Macat aliwasha taa kwa namna ya filamu za miaka ya arubaini, na ndiyo maana tuliamini.

Jambo lililonigusa zaidi ni dogo. Kuna picha ya rafiki wa kike wa Buzz, kaka yake Kevin, ambayo Kevin anaiona na kuishangaa kwa ubaya. Columbus aliona ni ukatili kumtafuta msichana halisi ili dunia nzima imcheke sura yake. Aliyepigwa picha ni mvulana, mtoto wa mmoja wa watu wa sanaa wa filamu hiyo, akavalishwa kama msichana. Mimi huwakata wageni kwenye video za harusi wanaponaswa mdomo wazi wakitafuna, na hakuna anayenishukuru kwa sababu hakuna anayejua. Kwa hiyo nilimwelewa huyu bwana kabisa.

Columbus ndiye pia aliyeongeza hadithi ya mzee Marley, yule jirani mwenye ndevu na koleo la theluji aliyekosana na mwanawe. Sijui kuwaza filamu hii bila kanisa lile, watu wawili wapweke kwenye benchi moja na kwaya ya watoto ikiimba muziki wa John Williams.

Na kuna John Candy, yule mpiga muziki wa polka anayempa mama yake Kevin lifti kwenye gari la mizigo. Sehemu zake zote zilipigwa ndani ya saa 23 mfululizo, kwa malipo ya dola 414 tu, kama hisani kwa rafiki yake Hughes. Maneno yake mengi aliyabuni papo hapo. Ule uso wa Catherine O'Hara, aliyemwigiza mama huyo, akijaribu kusikiliza kwa heshima huku moyo uko kwa mwanawe, ni wa mtu anayesikia hadithi kwa mara ya kwanza.

Basi nikarudi kwa mwanangu na jibu. Nikamwambia wezi walikuwa salama. Aliyeondoka na kovu ni Kevin.

Akatoa macho. Nikamweleza kwamba Joe Pesci alijiweka mbali na Macaulay Culkin, aliyemwigiza Kevin, makusudi wakati wa kazi, ili mtoto amwogope kweli mbele ya kamera. Culkin alikuwa na miaka tisa. Walipokuwa wanafanya mazoezi ya pale Kevin anapotundikwa kwenye ndoano ya mlango na Harry anatishia kumng'ata vidole kimoja kimoja, Pesci aling'ata kweli. Meno yakaacha alama, na Culkin ameionyesha hata akiwa mtu mzima.

"Alimwomba msamaha?"

Nikamwambia tuendelee kutazama. Alikaa sakafuni karibu kabisa na televisheni mpaka mwisho, pale asubuhi ya Krismasi Kevin anaposimama dirishani na kumwona mzee Marley amekumbatia mjukuu wake kwenye theluji. Mzee anainua mkono. Kevin naye anainua wake. Mwanangu akaikimbilia rimoti, akasimamisha picha, akaweka kidole chake kwenye kioo na kuanza kuhesabu.

"Vipo vyote, mama."