Vipande vya mtiki vilikua vinanifia kwenye chupa, nilivyotatua

Jamani hii shida imenitesa miezi, nikipanda kipande cha mtiki kwenye chupa (tishu kalcha, yaani kuotesha miche kutoka vipande vidogo kwenye chupa isiyo na vijidudu) siku ya pili tu midia, yaani chakula cha kipande kilichomo chupani, imeshakua kahawia na kipande kinakufa, kikipona hicho basi kinaota ukungu. Kumbe mtiki ukiukata unatoa kemikali inaitwa fenoli, ikikutana na hewa inageuka kahawia na inakiua kipande chenyewe.

Kwanza nikaacha kukata machipukizi moja kwa moja kwenye mti mkubwa shambani, yana vumbi na vimelea mno. Nikakata matawi nikayachipusha kivulini, nikawa natumia vichipukizi vipya tu. Naosha kwa sabuni na maji yanayotiririka, spiriti ya asilimia 70 sekunde 30, jiki dakika 10, nasuuza mara tatu kwa maji yaliyopita otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke), halafu naloweka kwenye maji ya vitamini C. Chupa zinakaa gizani wiki ya kwanza, na hapa ndo penyewe: nahamishia midia mpya kila siku mbili tatu, sisubiri kahawia itokee!

Mizizi nilikua nalazimisha itoke ndani ya chupa, sasa hivi machipukizi ya kwenye chupa nayachovya tu kwenye IBA, homoni ya kuotesha mizizi, napanda kwenye mchanga chini ya nailoni, mizizi inatoka hukohuko. Nimefurahi sana kwakweli, miche ya kwanza ishahamia kwenye viriba.