Kabla ya Kijiko cha Pili

Mwanangu alipofikisha mwaka mmoja na nusu bila kutamka neno linaloeleweka, kila aliyenizunguka alikuwa na sababu yake, na iliyoniuma zaidi ni ile iliyosema kwamba nilimlisha vyakula vya kusagwa kwa muda mrefu mno, ulimi wake ukakosa mazoezi. Niliamini. Nikaanza kumsukumia vipande vigumu kila mlo, naye akajifunza kukaza midomo na kugeuza shingo mara tu alipokiona kijiko. Kusema hakusema, na kula nako akakusitisha.

Baadaye nilielewa kwamba kutafuna na kusema hutumia midomo, ulimi na taya zilezile, lakini ubongo huziongoza kwa namna tofauti katika kila kazi, ndiyo maana yuko mtoto anayetafuna vizuri sana na bado hana maneno. Kutafuna kuna thamani yake kwenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri vyakula vya kulikiza, yaani vya nyongeza juu ya maziwa, vianze mtoto atimizapo miezi 6, wakati ambapo ile tabia ya ulimi kusukuma nje kila kinachoingia mdomoni huwa imepungua. Mwanzoni taya hupanda na kushuka tu. Ulimi hujifunza polepole kukipeleka chakula pembeni, kwenye fizi, na usagaji wa kuzungusha taya huja baadaye. Hatua hizo zinahitaji chakula kinachobadilika, kutoka laini hadi chenye mabonge hadi vipande, na hapo nakiri kwamba nilichelewa.

Mlo husaidia usemi kwa njia nyingine kabisa, ambayo mimi niliikosa kwa haraka zangu: ni wakati ambapo watu wawili wanatazamana usoni na kupokezana zamu. Siku moja nilisimamisha kijiko hewani, nusu ya njia, nikahesabu moyoni hadi tano. Akakitazama kijiko, akanitazama mimi, akakitazama tena, kisha akatoa sauti fupi, "Mm!" Nikamjibu, "Zaidi? Haya, zaidi." Hayo yalikuwa mazungumzo, ingawa neno lilikuwa la upande mmoja. Ila kusubiri si kunyima: mzazi anayesema "taja kwanza ndipo nikupe" anaugeuza mlo kuwa mtihani, na mtoto mwenye njaa hafundishiki. Vilevile nilipunguza yale maswali ya "hiki nini?" na badala yake nikawa nakitaja kitu anachokitazama kwa wakati huohuo, huku televisheni ikiwa imezimwa.

Mtu mzima aamue kinacholiwa na wakati wa kuliwa. Kiasi aachiwe mtoto. Chakula kipya kinaweza kukataliwa mara 10 au zaidi kabla ya kukubalika, kwa hiyo kukataa kwa leo kusichukuliwe kuwa hukumu.

Kuhusu usalama nitasema kwa ufupi. Mtoto anayekohoa na kutaka kutapika kwa sauti mara nyingi anajisaidia mwenyewe. Anayekabwa hasa na chakula huweza kuwa kimya, na huyo ndiye wa kukimbiliwa. Vitu vya mviringo vikatwe kwa urefu, karanga nzima zisubiri miaka mingi, na asali isitolewe kabla ya miezi 12.

Lililotukwamua sisi lilikuwa kipimo cha masikio, ambacho nilipaswa kukiomba mapema badala ya kusikiliza lawama. Nyuma ya ngoma za masikio yote mawili kulikuwa na majimaji, hivyo maneno yetu yalimfikia kama sauti za watu walio chini ya maji. Mtoto asiyetamka silabi kama "ba-ba" afikapo miezi 10, asiyeunganisha maneno mawili akiwa na miaka 2, au anayepoteza maneno aliyokuwa nayo katika umri wowote, apelekwe kwa daktari na masikio yake yapimwe kwanza. Anayekohoa katika kila mlo, au asiyeongezeka uzito, naye asisubiri.

Wiki kadhaa baada ya matibabu, tukiwa katikati ya mlo wa jioni, nilisimamisha kijiko kama kawaida yangu. Alikisukuma kando kwa kiganja, akanikazia macho na kusema, wazi kabisa, "Basi." Bakuli lilikuwa bado nusu. Nikakiweka kijiko chini.